Cha Kuazima na Cha Kushona Mwenyewe

Wapo watakaosema nimepotea mlango. Hapa ni kwa hadithi na mashairi, sasa huyu na kompyuta zake katokea wapi? Nawaomba wavute kiti. Ninayotaka kuyasimulia yanahusu maandishi ya mtu mwingine, niliyoyasoma mstari kwa mstari mpaka nikayaelewa, halafu nikayaandika upya kwa mkono wangu. Kama hiyo si kazi ya mwandishi, basi sijui kazi ya mwandishi ni ipi.

Lenyewe jambo ni dogo. Ni onyesho la picha, lile unaloliona kwenye tovuti nyingi: picha inakaa kidogo, inafifia, inaingia nyingine, mpaka zinaisha na kuanza upya. Picha zenyewe zilikuwa 24, zote za marehemu Baba Mkubwa. Miaka ya sabini alikuwa na studio Magomeni, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa minazi na ndege inayopaa. Vijana wa wakati ule walikwenda pale sikukuu zikifika, na bugaluu zao na nywele zao kubwa, wakasimama mbele ya ile ndege kama vile safari ni kesho. Alipofariki, ukoo ukachanga, negativu zikaingizwa kwenye kompyuta, akatafutwa kijana mmoja akatengeneza tovuti. Akalipwa chake, akaenda zake. Tovuti ikafanya kazi. Kila aliyeiona akasema safi sana.

Isipokuwa Shangazi.

Nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa simu. Kila picha ilikuwa inakaa sekunde 3. Shangazi anavaa miwani, na miwani yenyewe lazima aivute mbele kidogo ndipo aone. Hadi aivute, mtu keshaondoka. Akawa anaweka kidole juu ya kioo kuizuia picha, kama unavyomshika mtoto shati asikimbilie barabarani. Picha ikapita chini ya kidole.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ni yule... aa! Kaenda. Mwanangu, hivi hawa watu wanakimbilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta kwenye msimbo. (Mtaani tunaita kodi, lakini ukitamka kodi mbele ya mwenye nyumba utaeleweka vingine kabisa, kwa hiyo hapa tuseme msimbo.)

Nilichokuta ni hiki. Yule kijana alikuwa ameandika mistari michache tu. Mistari hiyo iliita programu ndogo ya kuonyesha picha, iliyoandikwa na mtu mwingine asiyemjua. Programu hiyo nayo haikuweza kupiga hatua bila jQuery, ambayo ni maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari ili watu wauazime. Kwa hiyo kumbadilishia Shangazi picha moja kulihitaji ghorofa tatu. Na kitufe cha kusimamisha hakikuwepo ghorofa yoyote.

Kijiweni nikawaeleza washkaji kwamba nataka kuondoa ghorofa zote tatu, nilijenge onyesho upya kwa JavaScript tupu. Mmoja wao, ambaye riziki yake ni hizihizi kompyuta, akanicheka.

"We unavunja kitu kinachofanya kazi! Kwani umelipwa? Si utafute ile 3000 uifanye 10000, picha ikae sekunde kumi, yaishe?"

Hoja yake ina uzito, nikaipima. Kompyuta huhesabu muda huo kwa sehemu ya elfu ya sekunde, na kweli ile namba 3000 ilikuwepo, ningeweza kuibadili nikanywa chai. Lakini sekunde kumi ni nyingi mno kwa mjukuu, na kwa Shangazi huenda zisitoshe, maana kuna picha ya kuiangalia kwa pumzi moja na kuna picha ya kuiangalia asubuhi nzima. Swali la Shangazi halikuwa la sekunde ngapi. Lilikuwa la nani anashika saa.

Kabla sijaanza kubomoa, nitoe haki kwa aliyejenga. JavaScript ilizaliwa mwaka 1995, Brendan Eich akiiandika kwa siku zipatazo kumi pale Netscape. Ikawa lugha moja yenye lahaja zinazogombana. Kivinjari kimoja kilikuwa na neno lake la kusikiliza mbofyo, na Internet Explorer ikawa na neno lake tofauti, na ikaling'ang'ania mpaka toleo la 9 la mwaka 2011 lilipokubali neno la wenzake. Anayetaka ukurasa wake ueleweke kila mahali alilazimika kuandika kila jambo mara mbili. Ndipo mwaka 2006 John Resig akaitoa jQuery. Ilikuwa mkalimani: wewe unasema mara moja, yeye anajua akifika kwa huyu aseme hivi, akifika kwa yule aseme vile. Ilipunguzia vijana wengi machozi, na wengi wetu tulijifunzia humo. Alama yake ni ya dola, imetapakaa kila mstari, utadhani umeingia duka la kubadilishia fedha.

Lakini lahaja zimekaribiana. Mambo ambayo jQuery iliyatangulia, kama kumtafuta mtu ukurasani kwa jina la kundi lake, yaliingia kwenye vivinjari vyenyewe. GitHub waliiondoa jQuery kwenye kurasa zao mwaka 2018, na Bootstrap toleo la 5 la mwaka 2021 likaacha kuitegemea. Juni 2022 Microsoft wakastaafisha rasmi Internet Explorer 11 kwenye Windows 10. Mkalimani bado yupo, bado mzima, na tovuti chungu nzima zinamtumia. Ila kwenye kikao cha watu wanaozungumza lugha moja, mkalimani anabaki kunywa soda.

Basi nikakaa. Kazi ya kwanza haikuwa kuandika, ilikuwa kusoma. Nikachukua daftari, nikaandika kwa Kiswahili kile ambacho msimbo wa zamani ulikuwa unafanya. Subiri ukurasa uwe tayari. Ficha picha zote. Onyesha ya kwanza. Kila baada ya sekunde 3, fifisha iliyopo, ingiza inayofuata. Zikiisha, rudi mwanzo. Mistari mitano. Ghorofa tatu zile zilikuwa zinabeba sentensi tano! Nawasihi wanaojifunza, wa programu na wa hadithi: andika kwanza kwa maneno yako mwenyewe. Sehemu usiyoweza kuiandika kwa maneno yako ndiyo sehemu ambayo hujaielewa.

Kisha nikachukua sentensi mojamoja.

"Subiri ukurasa uwe tayari." jQuery ina namna yake. Leo unaweka neno moja, defer, kwenye tagi inayoita faili lako, na kivinjari chenyewe hungoja ukurasa usomwe wote kabla ya kuliendesha.

"Ficha zote, onyesha ya kwanza." Hapa nikabadilisha mpango. Zamani msimbo ndio ulioziita picha zitokee. Msimbo usipofika, labda mtandao umekatika katikati ya njia, unaona kisanduku cheupe tu. Mimi nikaiandika picha ya kwanza iwe wazi tangu kwenye ukurasa wenyewe. Msimbo ukifika, onyesho linatembea. Usipofika, walau mtu mmoja amesimama mbele ya ile ndege anakusubiri.

"Fifisha iliyopo." Hii ndiyo iliyokuwa sifa kubwa ya jQuery: unasema fadeOut, na kwa muda wa sehemu 400 za elfu ya sekunde picha inayeyuka. Siku hizi kazi hiyo ni ya CSS, lugha ya mavazi ya ukurasa. Unaiambia: kila uwazi wa picha unapobadilika, badilika polepole kwa muda huu. Msimbo wako unabaki kusema nani avikwe neno "wazi" na nani avuliwe. Ila kuna mtego. fadeOut ikimaliza huiondoa picha kabisa ukurasani. Ukipunguza uwazi tu mpaka sifuri, picha haionekani lakini bado ipo, na programu inayomsomea kipofu ukurasa itamsomea maelezo ya picha zote 24 kwa mkupuo. Kwa hiyo pamoja na uwazi lazima ubadili pia hali ya kuonekana, ile inayoitwa visibility, isomeke hidden. Vitu viwili, macho mawili.

"Zikiisha, rudi mwanzo." Hapa ndipo nilipopapenda kuliko pote. Wazee wa vyuoni wanaikumbuka mashine ya slaidi ya Kodak iliyoitwa Carousel, iliyotoka mwaka 1961. Juu yake kulikaa duara la plastiki lenye matundu 80, slaidi moja kila tundu. Duara linazunguka, tak, tak, na ukipita la mwisho umeshafika la kwanza, maana duara halina mwisho. Kodak waliacha kutengeneza mashine za slaidi mwaka 2004. Kwenye kompyuta duara hilo ni hesabu ya shule ya msingi: kugawanya na kuchukua baki. Kompyuta inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo picha ya mwisho kati ya 24 ni namba 23. Ongeza moja, 24. Gawanya kwa 24, baki ni sifuri. Umerudi mwanzo bila kuuliza njia.

Kurudi nyuma kuna ujanja wake. Ukiwa sifuri ukitoa moja unapata hasi moja, na JavaScript ukiiomba baki ya hasi moja inakupa hasi moja vilevile. Picha namba hasi moja haipo, basi onyesho linakufa hapohapo. Dawa ni kuongeza 24 kabla ya kugawanya: 23, umefika picha ya mwisho. Yote hayo yakakaa kwenye mistari hii:

function onyesha(n) {
  picha[sasa].classList.remove('wazi');
  sasa = (n + picha.length) % picha.length;
  picha[sasa].classList.add('wazi');
}

Hebu itazame tena. Onyesha. Picha. Sasa. Wazi. Maneno ya kanuni ni ya Kiingereza, hayo huyagusi, lakini majina ni yako. Lugha haikukukataza kuita kitu kwa jina unalokiitia nyumbani. Nimesoma misimbo ya vijana wenzangu wa Dar, kila kitu kimepewa jina la Kizungu, hata kinachohusu daladala. Sigombani nao, maana ukifanya kazi na watu wa mataifa mengi lazima mwelewane. Ila hii ilikuwa studio ya Magomeni. Nilipomaliza kuandika onyesha(sasa + 1) niliisoma kwa sauti, ikanijibu kwa Kiswahili.

Sasa niseme jambo moja ambalo waandishi watalielewa haraka. jQuery ni mpole. Ukiiambia "mtafute fulani umvike kofia" na fulani hayupo, inanyamaza. Haigombi, haikuambii, inaendelea na safari. JavaScript tupu haina upole huo: ukimwamuru asiyekuwepo, inapiga kelele na kusimama. Siku ya kwanza kelele zile zinakera. Mara kitufe hakijapatikana, mara picha haina kundi. Siku ya pili nikaanza kuzipenda. Msomaji wa mswada wako anayekuambia "safi" kila ukurasa anakupa raha. Anayekuambia "hapa ukurasa wa tatu huyu mtu katokea wapi?" anakupa hadithi. Kelele moja kati ya hizo ilinionyesha kwamba picha mbili katika zile 24 zilikuwa hazina maelezo kabisa chini yake. Msimbo wa zamani ulizipita kimyakimya.

Uzito nao usemwe, ila usemwe kwa haki. jQuery ya toleo la 3 ina takribani kilobaiti 87, na ikibanwa kwa ajili ya safari inabaki kama 30. Faili langu halikufika kilobaiti 2. Watu husimama hapo wakapiga vigelegele. Lakini picha moja tu ya Baba Mkubwa ilikuwa inakaribia kilobaiti 900, kwa hiyo anayehurumia bando la watu aanze na picha. Nilizipunguza zote, na huko ndiko bando lilikookolewa hasa. Faida ya kuondoa ghorofa ilikuwa pengine: faili dogo, ambalo mpwa wangu wa kidato cha tatu aliweza kulisoma lote kwa mkao mmoja akaniuliza maswali ya maana.

Nikafika kwenye kile kilichoniingiza kazini, saa. Kivinjari kina amri mbili: setInterval inaanzisha mdundo, na clearInterval inaunyamazisha. Unachotakiwa ni kuihifadhi namba ya mdundo wako, ili ujue unamnyamazisha nani. Nikaweka vitufe vitatu vikubwa: Nyuma, Simama, Mbele. Ukigusa Simama, mdundo unakufa na neno linageuka Endelea. Ukigusa Nyuma au Mbele, onyesho linaelewa kwamba sasa unaongoza wewe, nalo linasimama. Baadaye nikajua kwamba nilichokifanya ni kanuni ya siku nyingi. Miongozo ya kurasa zinazofikika na kila mtu, toleo lake la 2.0 la Desemba 2008, inataka kinachoanza kusogea chenyewe zaidi ya sekunde 5, kando ya mambo mengine ukurasani, kiwe na njia ya kusimamishwa. Na wapo watu ambao vitu vinavyosogea vinawazungusha kichwa, wakaweka kwenye simu zao kwamba hawataki misukosuko. Ukurasa unaweza kuuliza simu swali hilo. Wangu unauliza, na ukijibiwa ndiyo, onyesho halianzi mpaka liombwe.

Nikampelekea Shangazi. Hakuuliza nilichobadilisha. Alipewa simu, akaonyeshwa Simama, akaigusa kwa kidole kilekile. Picha ikakaa.

Ilikuwa ya wasichana wawili waliovaa gauni za kitambaa kimoja. Chini yake paliandikwa "Dada wawili". Shangazi akavuta miwani, akatulia kiasi cha mimi kumaliza kikombe cha chai. Kisha akasema hawa hawakuwa dada. Walikuwa mashoga, mmoja wa Magomeni na mwingine wa Ilala, walinunua doti moja ya kitambaa wakagawana kwa sababu hela ya mbili haikuwepo. Akataja majina yao. Akataja nani alikufa, na mwaka gani, na yule mwingine aliolewa wapi. Akagusa Mbele. Siku ile niliandika majina sita. Sitayataja hapa, yana wenyewe. Ila majina yale hayakuwa yameandikwa popote, na mtu anayeyajua ana miaka themanini na ushei.

Kwa hiyo jamani, msije mkatoka hapa mkakimbilia kung'oa jQuery kila mnapoikuta. Tovuti kubwa yenye vitu kumi vinavyoitegemea haibomolewi mwisho wa wiki. Ng'oa kipande kimoja, kijaribu, kiache kikae, ndipo ushike cha pili. Na kama kitu kinafanya kazi na hakuna anayekilalamikia, kiache. Wahenga walisema cha kuazima hakistiri matako, lakini wahenga haohao hawakumzuia mtu kuazima nguo siku ya harusi. Kuazima si aibu. Hatari ni kuazima mpaka ukasahau kipimo cha mwili wako, siku nguo ikibana hujui mshono uko wapi.

Na sisi tunaoandika hadithi tuna maktaba zetu za kuazima. Kuna mwanzo wa hadithi ambao wote tumeurithi, jogoo anawika na jua linachomoza. Kuna msichana mzuri mwenye mwanya na macho ya kurembua. Kuna baba mkali, kuna mji unaopoteza vijana. Tunaviita, vinakuja, hadithi inasogea, na kila aliyeisoma anasema safi. Ukijiona umefika hapo, chukua daftari uandike kwa sentensi tano unachotaka kifanyike. Halafu tazama ni ghorofa ngapi umeziita kubeba sentensi hizo tano, na kama humo ndani kuna mahali msomaji mwenye miwani anaweza kuweka kidole akasema, simama kwanza, huyu namjua.

Zile picha mbili zisizo na maelezo bado hazijapata. Shangazi anasema mmoja ni mtu wa Bagamoyo, ila jina limemtoka. Jumapili naenda tena.